Mwani Mdomoni

Bi Mize Faki kakaa kwenye kiti kinacholala,
miguu haigusi sakafu.
Vidole vimesinyaa kwa chumvi, kucha zimeliwa,
kanga kaifunga mara mbili
kama mtu anayesubiri maji yatoke.

Katoka Kiuyu kwa gari ya alfajiri.
Meno ya juu yamebaki matatu,
"na hayo," anasema, "yamekaa kwa adabu tu."

Kwenye bakuli la mpira natia unga wa waridi,
vijiko viwili, maji vipimo viwili,
nakoroga mbiombio, nikiubana ukutani mwa bakuli,
maana kwa joto hili la Wete
ukizubaa, unakugandia mkononi.

"Nini hicho, mwanangu?"
"Mwani, bibi."

Kanitazama.
Kisha kacheka, kiganja kimekinga mapengo.
"Weye! Mwani miye naujua.
Miaka ishirini na mmoja naufunga kwa taitai,
naanika, napeleka mzanini, mzani unaniibia.
Hauna rangi hiyo. Wala haunukii mnanaa."

Si wako, nikamwambia.
Wako ni mwekundu kwa ukoo, hata ukiwa kijani.
Huu ni binamu yake wa bahari za baridi,
wa kahawia, mrefu kushinda mnazi;
huloweshwa kwa magadi hadi utoe ute,
ute ukakaushwa, ukasagwa,
ukatiwa rangi na harufu ili wagonjwa wasiuogope.

Na ndani ya unga, bibi, mna kamba.
Kamba nyembamba, jicho haliziwezi,
sukari imeshikana na sukari, na sukari.
Sodiamu kakaa ubavuni mwao,
ana mkono mmoja, hashiki ila kamba moja,
kwa hiyo zinaelea ovyo
kama shamba lililong'oka vigingi usiku wa bamvua.
Maji yakiingia, kalsiamu aliyelala ungani huamka.
Huyo ana mikono miwili:
mmoja kamba hii, mmoja kamba ile,
mwenyewe katikati, kama yai kwenye trei.
Yai baada ya yai.
Maji yaliyokuwa yakipita yananaswa humo humo,
na uji unakuwa nyama.

(Kuna na fosfeti, tumemweka mlangoni
amshike kalsiamu kwa maneno mawili matatu,
miye nipate nafasi ya kufika mdomoni mwako.)

"Kumbe," akasema, "naye anafunga taitai."

Fungua. Pumua kwa pua.

Dakika mbili na nusu
hakuna mwenye neno chumbani.
Kanishika mkono wa koti, kaukamata hasa,
mkono uliozoea kuvuta kamba dhidi ya mkondo.
Nje, mtu anaita namba za kadi.
Machozi yamemtoka upande mmoja, si ya kulia,
ni ya kutapika anakokuzuia.

Nikavuta. Ikatoa sauti ya mguu ukitoka topeni.
Na hapo mkononi mwangu mdomo wake wote, kinyume:
pengo limekuwa kilima, jino limekuwa shimo,
mikunjo ya kaakaa imechorwa mmoja mmoja
kama mchanga maji yakishatoka.
Nikaufunika kitambaa kibichi.
Ukiachwa upepo unanywea, unasahau sura;
lazima plasta imiminwe leo hii,
ndipo nta, ndipo akriliki,
ndipo aje ajaribu kutafuna.

Alikuwa ameokota kopo, analigeuza.
"Hiki, kilo yake bei gani?"
Nikamtajia.

Akahesabu kwa vidole vile vilivyosinyaa.
Akarudia. Akaacha njiani.
Kipande cha waridi kilikuwa kimemganda pembe ya mdomo;
akakitoa kwa ulimi, akakionja,
akakaa nacho kidogo.

"Wameutoa chumvi," akasema.
"Haya. Nipime na taya la chini."